Kijiko cha mfuto na ziwa lisilopimwa

Katika maswali ya hisabati tunayowapa wanafunzi wetu, maziwa hayaishi kupimwa. Mfugaji amekama lita 12 asubuhi na lita 7½ jioni. Amewauzia majirani theluthi mbili. Salio amelitia katika chupa za nusu lita. Je, amejaza chupa ngapi? Nimesahihisha maswali ya aina hiyo kwa miaka mingi, na jibu la chupa 13 huja mbio hata kutoka kwa wale wanaopenda kukaa nyuma ya darasa. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo kopo la maziwa ya unga, chupa ya mtoto yenye alama pande mbili, na kile kijiko cha plastiki kinachofukiwa ndani ya unga, kisha umwambie amwandalie nduguye mchanga mlo mmoja. Hapo ndipo utakapoona hesabu ikimkimbia. Atakirundika kijiko hadi kifanye kichuguu, au atakichota nusu kwa kuwa mama amesema kopo hilo lifike mwisho wa mwezi, na maji atayakadiria kwa jicho.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wanafunzi. Watu wazima ndio tuliowafundisha kwamba kipimo ni kitu cha daftari. Nyumbani tunapima kwa mazoea, na mazoea yetu kuhusu maziwa yamekaa juu chini: maziwa yasiyohitaji kupimwa tunayahangaikia usiku kucha, nayo yale ambayo kosa la kijiko kimoja laweza kumdhuru mtoto tunayamimina ovyo. Hayo ndiyo nitakayoyazungumzia leo, na niwieni radhi iwapo nitapitia njia ya lugha kwanza, kwa maana naona ufunguo mmoja wa jambo hili umelala katika kamusi.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni wachache mno wanaojua kibaba chenyewe ni nini. Niliwahi kuuliza darasani, na kijana mmoja akanijibu kwa moyo mkunjufu kwamba ni baba mfupi. Kibaba, wapenzi wasomaji, kilikuwa kipimo cha nafaka katika miji ya pwani. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vilifanya pishi. Pishi ya mchele ilikaribia ratili sita. Ratili nayo ilikuwa na wakia 16, na wakia ilikuwa uzani wa riale ya fedha, ile sarafu yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria iliyozagaa katika biashara ya Bahari ya Hindi, nayo ina gramu 28 na ushei. Kwa hivyo, mwenye duka wa Lamu au Mombasa wa zama hizo hakubahatisha. Alikuwa na ngazi kamili ya vipimo, kuanzia sarafu mfukoni hadi frasila ghalani.

Zaidi ya hayo, wazee hao walikuwa na maneno mawili ambayo sisi tumeyatupa, na hasara yake tunaipata leo. Kibaba kiliweza kuwa cha tele au cha mfuto. Cha tele ni kile kilichojazwa hadi nafaka ikapanda juu ya mdomo na kumwagika pembeni. Cha mfuto ni kile kilichojazwa kisha kikapitishwa kijiti au kiganja juu yake, ziada ikaanguka, na nafaka ikabaki sawasawa na ukingo. Mnunuzi na muuzaji walikubaliana kabla ya kupima, kwa sababu tofauti baina ya tele na mfuto ndiyo iliyokuwa faida ya mmoja na hasara ya mwingine.

Sasa tazama wafasiri wetu wanavyotokwa na jasho kueleza jinsi ya kupima maziwa ya unga ya watoto. Husema kijiko kilichojaa lakini kisizidi, au kijiko kilicho sawa, au kijiko kimoja kamili, na msomaji hubaki kujiuliza kamili ni kipi. Neno tunalo, tena tumelirithi bila gharama: kijiko cha mfuto. Lau walimu wa Kiswahili wangelifufua neno hili moja, wangewasaidia wauguzi wetu kuliko wanavyodhani.

Nirejee kwa maziwa yenyewe, na nianze na yale ya mama. Lugha yetu haikutenganisha chombo na kilichomo. Ziwa ni titi la mama, na maziwa ndiyo yatokayo humo. Mtoto ananyonya ziwa, na hakuna anayesema ananyonya mililita. Yale ya mwanzo kabisa, mazito na yenye umanjano, yana jina lake pekee, dang'a, na ni machache sana. Mama akiyakamua ataona matone tu chini ya kikombe, na hapo ndipo hofu inapoanza. Huyu mtoto atashibaje kwa matone? Bibi mmoja ataleta maji ya sukari, mwingine atashauri maziwa ya ng'ombe yaliyochujwa. Kumbe tumbo la mtoto aliyezaliwa leo ni dogo, na matone hayo yamelingana nalo, tena yamejaa kinga dhidi ya maradhi.

Je, mtoto anayenyonya hunywa kiasi gani? Swali hili limefanyiwa utafiti wa makini. Mwaka wa 2006 jarida la Pediatrics lilichapisha matokeo ya Jacqueline Kent na wenzake wa Australia Magharibi, waliochunguza akina mama 71 na watoto wao wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita, ambao hawakula kitu kingine ila maziwa ya mama. Njia yao ilikuwa nyepesi ajabu: mtoto aliwekwa kwenye mizani kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya, mchana na usiku, kwa muda wa saa 24. Wastani ulikuwa gramu 788 kwa siku. Lakini wastani ni kitu kimoja, na watoto ni kitu kingine. Kulikuwa na aliyeridhika na gramu 478, na kulikuwa na aliyemaliza gramu 1,356, karibu mara tatu ya mwenzake, na wote walikuwa na afya. Wapo walionyonya mara 6 kwa siku na wapo walionyonya mara 18. Kuna nyakati mtoto alinyonya na mizani isionyeshe lolote, na kuna nyakati alichota gramu 240 kwa mkupuo mmoja. Hata ziwa la kulia na la kushoto la mama yule yule hayakutoa sawa.

Mwalimu wa takwimu atakubaliana nami kwamba hapa pana somo zuri kuhusu wastani na mtawanyiko. Mama anayeambiwa kwamba mtoto wake ni lazima apate mililita 90 kila baada ya saa tatu anaambiwa habari za mtoto asiyekuwepo.

Na ni hapo ndipo malalamiko ya maziwa kutotosha yanapozaliwa. Mpwa wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mhudumu mmoja katika kliniki aliyokwenda alimwambia akamue katika kikombe ili waone kama maziwa yapo. Yalitoka mililita 30 hivi, na uso wa mhudumu ukasema yaliyosalia. Mpwa wangu alinunua kopo siku hiyo hiyo. Hakuelezwa kwamba anachotoa mama kwa mkono, akiwa na wasiwasi na watu wanamtazama, si kipimo cha kile anachovuta mtoto kwa ulimi na taya. Maziwa huachiliwa kwa homoni ambayo hofu huizuia, na sauti ya mtoto huiamsha. Isitoshe, ziwa halifanyi kazi kama mtungi unaojazwa na kungoja. Linafanya kazi kama kisima: kadiri linavyotekwa ndivyo linavyotoa. Mtoto akipewa chupa saa nne, saa tano hatavuta sana. Asipovuta, mwili wa mama hupata habari kwamba mahitaji yamepungua, na baada ya wiki mbili yale maziwa yaliyodhaniwa hayatoshi huwa kweli hayatoshi. Kipimo kibaya kimezaa ukweli wake chenyewe.

Nyanyake mtoto ndiye aliyeokoa jahazi. Alilifungia kopo kabatini na kumwambia binti ahesabu nepi. Maana kipimo kipo, ila si cha kikombe. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowanisha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Uzani anaoupoteza katika siku za mwanzo huurudisha kabla ya kutimiza wiki mbili au karibu na hapo. Baada ya hapo, mstari katika kijitabu cha kliniki hupanda. Mizani ya kliniki na nepi zilizoanikwa kambani zina ushahidi ambao kikombe hakina.

Nchi yetu imepiga hatua katika jambo hili, na haki itendeke kwa kuitaja. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2003, watoto wa chini ya miezi sita waliolishwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 tu. Katika ule wa 2008 hadi 2009 walikuwa asilimia 32, na mwaka wa 2014 wakafika asilimia 61. Mwaka wa 2022 idadi ilikuwa asilimia 60. Kwa hivyo tulipanda mlima kwa kasi, kisha tukasimama. Sababu za kusimama ni nyingi, lakini moja inaweza kuelezwa kwa hesabu ya darasa la kwanza. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka wa 2001 linapendekeza mtoto anyonye bila kupewa chochote kingine kwa miezi 6. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye malipo kamili. Sita toa tatu.

Katika ile miezi mitatu iliyobaki, mama mwenye kazi ndipo anapohitaji kupima, na ndipo mililita zinapokuwa rafiki. Waswahili tunakama ng'ombe na mbuzi. Mama hakamwi, bali anakamua, kama mtu anavyokamua chungwa, na sioni ubaya kwa lugha kulinda heshima hiyo. Ikiwa mama ataondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa tisa na nusu alasiri, hatakuwepo kwa saa 9. Tukichukua kwamba mtoto hunywa mililita 750 kwa siku, kila saa ni mililita 31 hivi, na kwa saa 9 ni mililita 281. Basi aache mililita 300, na asizitie katika chupa moja kubwa. Azigawe katika vikombe vidogo vya mililita 60 au 75, kwa sababu yaliyoguswa na mdomo wa mtoto hayahifadhiwi tena, na kumwaga mililita 20 si sawa na kumwaga 200. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa vyema saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi, na siku 4 katika jokofu. Mombasa na Garissa nyuzi 25 ni ndoto ya alfajiri, kwa hivyo huko jokofu au chombo chenye barafu si anasa.

Je, atakamulia wapi huko kazini? Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha mama kunyonyeshea au kukamulia, pamoja na muda wa kufanya hivyo. Nimefundisha na walimu waliokamua maziwa katika ghala la vitabu, mlango ukiwa umezuiwa kwa kiti, huku kengele ya kipindi ikilia. Shule hiyo ilikuwa na chumba cha vikombe vya michezo chenye pazia na kufuli. Sitaitaja, na sidhani ni ya pekee.

Sasa tufike kwa kopo. Kuna akina mama ambao, kwa ugonjwa au dharura au kifo, watoto wao hawana budi kulishwa maziwa ya kopo. Kwao, kila kitu nilichosema kuhusu kutopima hugeuka. Hapa kipimo ni uhai. Kanuni inayotumiwa na wahudumu wa afya ni mililita 150 kwa kila kilo ya uzani wa mtoto kwa siku. Mtoto wa kilo 5 atahitaji mililita 750. Katika makopo mengi, kijiko kimoja cha mfuto huchanganywa na mililita 30 za maji, kwa hivyo mtoto huyo atatumia vijiko 25 kila siku. Kijiko hicho hubeba gramu nne na ushei. Piga hesabu: ni gramu 110 hivi kwa siku, na kopo la gramu 400 halimalizi siku ya nne.

Naomba mwalimu aliandike jawabu hilo ubaoni na kuliacha hapo kwa kitambo. Kopo haliishi siku nne. Familia inayopata kibarua leo na kukosa kesho italinunua la kwanza, kisha italinyoosha lifike wiki nzima. Kulinyoosha maana yake ni vijiko 12 au 13 badala ya 25. Maji hayapungui, chupa inaonekana nyeupe vilevile, mtoto anameza na kunyamaza, na jicho la mzazi halioni tofauti. Lakini mtoto amepewa nusu ya chakula chake. Baada ya miezi miwili, mtoto huyo atakuwa amekonda na watu watatafuta kijicho cha jirani.

Jambo hili si geni. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, na kuutambulisha ulimwengu wa madaktari kwa ugonjwa wa kwashakoo, alisimama Singapore mwaka wa 1939 na kutoa hotuba aliyoipa anwani iliyo na maana ya maziwa na mauaji. Alikuwa akizungumzia watoto waliolishwa maziwa ya kopo yasiyowafaa kwa sababu ya matangazo ya kupotosha. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya mataifa kukubaliana, mwaka wa 1981, juu ya kanuni za kudhibiti uuzaji wa vyakula hivyo, na Kenya ilipitisha sheria yake mwaka wa 2012.

Kosa la upande wa pili, la kuzidisha unga, hutendwa na wenye pesa na mapenzi mengi. Kijiko cha tele badala ya cha mfuto hulifanya ziwa la kopo kuwa zito kuliko figo za mtoto zinavyoweza kulihimili. Mtoto huona kiu, hulia. Mama hudhani ni njaa, humwongezea yale yale. Kosa jingine hutokana na utaratibu. Maji hutangulia kutiwa, yapimwe chupa ikiwa imesimama mezani na jicho likiwa usawa wa alama, kama tunavyowafundisha wanafunzi kusoma silinda ya maabara. Kisha unga hufuata. Ukitanguliza unga na kujazia maji hadi alama, umepunguza maji bila kujua. Maji yenyewe yawe yamechemshwa na yasiwe yamepoa chini ya nyuzi 70 wakati wa kuchanganya, kwa maana unga huo hauna hakika ya kuwa bila vijidudu. Baada ya hapo chupa ipozwe. Wala usichukue kijiko cha kopo la jana kupimia kopo la leo la kampuni nyingine. Vijiko havilingani.

Na zile alama za pande mbili? Upande mmoja una mililita, upande wa pili una wakia. Wakia hii si ile ya riale ya fedha. Ni ya ujazo, na tena Waingereza na Wamarekani hawakuelewana juu yake: ya Uingereza ni mililita 28 na nukta kadhaa, ya Marekani inakaribia mililita 30. Painti nazo hazilingani: ya Uingereza ina mililita 568 na ya Marekani 473. Ushauri wangu ni kwamba upande wa wakia ufunikwe kwa plasta.

Tukitoka kwa mtoto na kuingia jikoni, mambo huwa mepesi na naweza kupumua. Mtu hafi kwa chai nyepesi, ingawa wapo wageni wa mashemeji walioondoka na kinyongo. Hata hivyo, wanafunzi hunijia na swali moja mara kwa mara: kitabu cha mapishi kinaposema kikombe kimoja cha maziwa, ni kikombe kipi? Kipimo cha kisasa ni mililita 250. Cha Marekani ni 237. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa 150 au 200, na kile cha bati cha bweni kikawa zaidi ya vyote. Jawabu ni kwamba mara nyingi haijalishi, maadamu umetumia kikombe kile kile kwa unga, maziwa na sukari, kwa sababu mapishi ni uwiano. Tatizo huja pale ambapo kuna kitu kisichogawanyika. Yai halijui ukubwa wa kikombe chako. Ukipika mkate wa mayai au keki kwa kikombe kidogo na kuvunja mayai idadi ile ile ya kitabu, usimlaumu mwenye jiko. Vijiko navyo vina mkataba wao: cha chai ni mililita 5, kikubwa ni 15, isipokuwa kwa Waaustralia ambao kikubwa chao ni 20.

Mpishi wa pwani atanicheka hapa, na ana haki. Tui la nazi halijapimwa kwa mililita tangu dunia iumbwe. Linapimwa kwa nazi: nazi mbili kwa wali wa watu kadhaa, kasimile likawekwa kando, tui jepesi likatangulia chunguni. Ni kipimo halali, kwa kuwa mpishi anaijua nazi yake na mkono wake unajua uzito.

Kinachonitia shaka ni kipimo kipya kilichoingia mitaani bila mtu kupiga kura. Siku hizi kwenye mashine za maziwa zilizojaa madukani, mteja hasemi robo lita au nusu lita. Anasema nipe ya thelathini, nipe ya hamsini. Mashine inatii na kumwaga kiasi kinacholingana na shilingi hizo. Bei ikipanda, shilingi ni zile zile, sufuria ni ile ile, ila maziwa yamepungua, na hakuna aliyegombana na mtu. Mama hujazia maji ili chai itoshe. Mtoto aliyetumwa huleta alichopewa. Kibaba cha mfuto kilikuwa na ugomvi wake sokoni, lakini angalau mnunuzi aliona kijiti kikipita juu.

Kadhalika, wafugaji wangefaa kukumbushwa kwamba lita na kilo za maziwa si kitu kimoja, ingawa vinywani mwetu tunavibadilisha kama shati. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji: lita moja ina uzani wa kilo 1.03 hivi. Lita 100 zikiwekwa kwenye mizani ni kilo 103. Anayeuza kwa lita na kulipwa kwa kilo, au kinyume chake, ajue kilo tatu hizo zimekwenda kwa nani. Uzito huo huo ndio unaomnasa mwenye kutia maji, kwa sababu kipimamaziwa kinachoelea huzama zaidi katika maziwa yaliyochanganywa.

Nimeacha kipimo kimoja ambacho hakina mililita wala gramu, nacho kimetawala nyumba za pwani kwa karne nyingi. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa, mwanamke huyo huwa mama yake wa kunyonya, na watoto wake huwa ndugu ambao hawawezi kuoana naye. Ni kunyonya kiasi gani kunakoleta udugu? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, wamesema ni mara tano zilizo kamili, ndani ya miaka miwili ya kwanza. Madhehebu ya Hanafi na Maliki huona hata mara moja yatosha. Hapa maziwa hayapimwi kwa wingi, yanapimwa kwa idadi, na mashahidi ni wanawake waliokuwepo.

Naitaja kwa sababu imerudi kwa sura mpya. Mwezi wa Machi 2019 hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini. Akina mama wenye ziada hutoa. Maziwa hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30, kisha watoto wanaozaliwa kabla ya wakati na wasioweza kupata ya mama zao hupewa. Kwa watoto hao mililita moja ni kitu. Muuguzi hupima kwa bomba la sindano, huandika, na kuongeza taratibu siku kwa siku. Hakuna jikoni wala darasani ambapo kipimo huheshimiwa kama hapo. Na swali ambalo mzazi Mwislamu huenda akaliuliza penye benki kama hiyo ni la idadi na la jina: ni maziwa ya nani, na ni mara ngapi? Naliona ni swali la haki, na anayeendesha benki ya namna hiyo awe na daftari la kulijibu.

Kwa walimu wa sayansi, hisabati na Kiswahili, nina pendekezo lisilo na gharama. Bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, linapatikana katika duka la dawa. Wanafunzi waje na vikombe, makopo na vijiko vya kwao, wavipime kwa maji, na waandike kwa kalamu isiyofutika chini ya kila chombo kinachukua kiasi gani. Kijiko wakipime mara mbili kwa unga wa mahindi na mizani, cha tele na cha mfuto, waone tofauti. Nilipofanya hivyo nyumbani kwangu, kikombe ninachonywea chai kila siku kilichukua mililita 230 kikijaa hadi ukingoni, na 190 ikiwa hutaki kumwagikiwa. Atakayepima vyake na aniandikie.